Sarafu Juu ya Wembe

Mimi ndiye mnoa viatu.
Miaka ishirini na miwili chini ya uwanja wa barafu,
chumba kinanuka mpira na jasho la jana,
napitisha chuma kwenye jiwe mpaka cheche ziruke.
Kila wembe una makali mawili, na bonde katikati.
Ukinoa upande mmoja kuliko wa pili
mchezaji ataanguka, atakulaani,
na laana yake itakuwa ya haki.

Februari ile waliniita ghorofa ya kumi na moja
kutoa ushahidi.
Nje, Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndani zulia, birika la kahawa, biskuti za tangawizi,
na Corbin Wiebe katika suti ya kaka yake,
vifundo vya vidole vimevimba,
mikono hajui aiweke wapi.

Kanuni iliandikwa na Ligi.
Adhabu ilitoka kwa Kamishna wa Ligi.
Rufaa iko mbele ya msuluhishi aliyeteuliwa na Kamishna,
mkataba wake unaisha kila Juni.
Ningesema kesi ya ngedere kapewa nyani,
lakini nilikuwa nimekwisha kuapishwa,
na Bi Danylko hakuwa nyani.
Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mafua
aliyesoma kila karatasi, hata viambatisho.

Wakazima taa, wakaonyesha pigo.
Kwanza kwa kasi yake: kufumba na kufumbua,
jezi nyekundu, jezi nyeupe, ubao, kimya.
Kisha polepole.
Kisha polepole zaidi,
hata kiwiko cha Wiebe kikachukua sekunde tisa kufika
na kila aliyekuwamo akaona kimekusudiwa.
Sekunde tisa!
Kwa sekunde tisa mtu huomba radhi,
hubadili nia, humkumbuka mama yake.
Wiebe alipewa robo ya sekunde.

Wakili wa chama cha wachezaji akaniuliza:
wembe wa kushoto ulikuwa na pengo?
Ulikuwa nalo, nikasema, dogo kama punje ya mtama.
Lingeweza kumtelezesha?
Huenda.
Wakili wa Ligi akaliandika lile "huenda"
kama mtu aliyepata bidhaa kwa bei ya kutupa.
Hakuna aliyeuliza nani hunilipa mshahara.
Ni klabu ya Wiebe.

Kiti cha Rémi Charlebois hakikuwekwa.
Ilisomwa barua ya mkewe, dakika moja na kidogo:
mapazia hayafunguliwi,
jina la mbwa limempotea,
binti yao wa miaka minne amejifunza kunong'ona.
Bi Danylko akavua miwani.
Akaivaa tena.
Kisha tukarudi kwenye pengo, na pembe ya kiwiko,
na koma iliyomo katika kifungu cha arobaini na nane.
Saa tano tulibishania koma ile.

Mechi ishirini zikawa kumi na mbili.
Ligi ikatangaza: mnaona, mfumo unafanya kazi.
Chama kikatangaza vivyo hivyo.
Juni ilipofika Bi Danylko alishukuriwa,
kwa barua nzuri,
na kiti chake akapewa bwana mmoja mcheshi
ambaye hadi leo hajapunguza hata mechi moja.

Wiebe alirudi mwishoni mwa Machi.
Akaniwekea viatu mezani, hakusema neno.
Nami sikumwambia kwamba usiku
huirudia picha ile kichwani kwa kasi yake,
na bado sijui.

Nina sarafu ya senti tano, kuukuu, imefutika sura.
Nikimaliza kunoa huilaza juu ya makali mawili
na kuinama mpaka jicho lilingane nayo.
Ikikaa sawa, narudisha kiatu.
Ikiinama, naanza upya.
Hakuna anayeniongezea chochote
ikiinama.